Mguu mmoja umevimba, au mtoto kala sumu ya panya: jinsi ya kupima damu kwa muda wake

Jamani naandika hii maana haipiti wiki bila mtu kuniuliza moja kati ya haya mawili, na mi nipo maabara miaka kumi na moja sasa hapa Dar, tyubu za damu nilizoshika hazihesabiki. Watu wengi hawakosei kwa kutokupima, wanapima, tena wanalipa hela yao, ila wanapima kwa muda ambao sio. Kipimo cha damu ni kama wali, ukifunua sufuria mapema utasema mchele mbovu kumbe haujaiva. Majibu yanatoka mazuri, mtu anarudi nyumbani kafurahi, kesho kutwa yake anarudishwa kabebwa.

Tuanze na mguu. Mguu mmoja ukivimba, hofu yetu kubwa ni donge la damu iliyoganda ndani ya mshipa.

Mwaka jana jirani yangu huku Mbagala alijifungua kwa operesheni, wiki ya pili mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Nilipoingia kumpa pole nimemkuta bibi yake anamkanda na maji ya moto, mguu umewekwa kwenye beseni, na kuna shangazi kakaa pembeni anasema huu mguu umetegwa, kuna kitu kakanyaga njiani akitoka hospitali. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, naomba tusimkande kwanza, nipatie ile futi ya cherehani." Bibi akaniangalia, "Marahaba, futi ya nini tena mwanangu, unataka kumshonea suruali?" Lakini akaitoa.

Unapima hivi, na unaweza kufanya mwenyewe hapo ulipo. Mgonjwa akae kitandani miguu imenyooka. Chini ya goti kwa mbele kuna kinundu cha mfupa, kipapase kwa kidole utakiona. Kutoka hapo shuka sentimita 10, weka alama na kalamu, alafu zungushia futi kwenye shavu la mguu, isibane wala isilegee. Fanya hivohivo mguu wa pili, sehemu ileile. Ukiona tofauti imezidi sentimita 3, hiyo sio ya kulala nayo. Yule dada alikuwa na 41 kushoto na 36 kulia. Bonyeza na dole gumba sehemu iliyovimba, hesabu mpaka kumi, achia, angalia kama pamebaki shimo. Papasa nyuma ya shavu la mguu na upande wa ndani wa paja uone kama anaumia ukifuata njia ya mshipa. Ila kile kipimo cha zamani cha kumkunja unyayo kwenda juu ili uone kama anaumia, achana nacho, hakiaminiki, kuna wenye donge hawasikii kitu na kuna wasio na donge wanapiga kelele.

Alafu muulize maswali. Kafanyiwa operesheni kubwa ndani ya wiki 12, au kalala kitandani siku 3 au zaidi? Ana plasta ya mfupa au mguu umepooza? Ana saratani? Alishawahi kupata donge kabla? Mguu wote umevimba, sio chini tu? Kuna mishipa ya juujuu imejitokeza ambayo haikuwepo? Kila ndio ni pointi moja, na ile tofauti ya futi ni pointi, na shimo la dole gumba likiwa kwa mguu huo tu ni pointi, na maumivu ya kwenye njia ya mshipa nayo pointi. Kama kuna sababu nyingine inayoelekea kuwa ndio yenyewe, mfano jipu, au ni matende ambayo sisi watu wa pwani tunayajua, mguu wa miaka mingi usiouma, unatoa pointi 2. Ikifika 2 kwenda juu madaktari wanachukulia kwamba donge linawezekana kabisa. Hii hesabu inaitwa Wells, ndio wanaitumia dunia nzima, usiogope kufika hospitali umeshaihesabu, daktari atairudia mwenyewe ila utakuwa umemsogezea kazi. Mjamzito na aliyejifungua juzi hata usimhesabie, wao waende moja kwa moja, maana wiki 6 baada ya kujifungua ndio kipindi kibaya kuliko vyote kwa donge la damu.

Na kukanda tuache. Donge lipo ndani ya mshipa, limeshikilia kidogo tu, ukilisugua laweza kukatika likapanda na damu mpaka kwenye mapafu. Mtu mwenye mguu wa hivo akianza kuhema juujuu ghafla, kifua kinachoma akivuta pumzi, au akazimia, hakuna cha kusubiri asubuhi wala kutafuta nauli ya kupunguza, tafuta gari usiku huohuo.

Sasa vipimo. Hapa ndio watu wanapoteza hela.

Kuna kipimo cha damu utaona kwenye fomu kimeandikwa D-dimer. Kinapima vipande vinavyobaki pale mwili unapovunjavunja damu iliyoganda. Watu wakisikia hivo wanakimbilia kukipima wote, na hospitali nyingine zinakiandika kama chai. Ukweli ni kwamba kazi yake ni moja, kumtoa mtu kwenye wasiwasi. Ukiwa na pointi chache na D-dimer iko chini ya 500, unaambiwa nenda nyumbani sio donge. Ikiwa juu haisemi una donge, inasema tu hatujui, kwa sababu inapanda pia kwa mjamzito, kwa aliyetoka operesheni, kwa mwenye maambukizi, kwa mzee. Ndio maana kwa waliovuka miaka 50 wengi wanazidisha umri mara 10 kupata kikomo chake, mzee wa miaka 70 kikomo chake ni 700. Yule jirani yangu wa wiki mbili tangu operesheni, D-dimer kwake ni kuchoma hela, itapanda tu. Yeye ni altrasaundi moja kwa moja.

Altrasaundi ya mishipa ya mguu haiumi wala haina mionzi, na ukijua kinachofanyika utaweza hata kuuliza swali la maana. Unapakwa ule ute wa baridi kwenye kinena, mtaalamu anaweka kile kifaa na kwenye skrini utaona viduara viwili vyeusi vimekaa jirani. Kimoja kinadundadunda, huo ni mshipa unaopeleka damu. Kingine kimetulia, huo ndio unaorudisha damu kwenye moyo, na donge la mguu linakaa huko. Anakandamiza. Mshipa wa kurudisha damu usio na tatizo ukiukandamiza unafumba kabisa kama mdomo, kiduara kinapotea. Wenye donge haufumbi. Basi, kipimo ndio hicho, anashuka hivo hivo akikandamiza mpaka nyuma ya goti, na zile rangi nyekundu na bluu za dopla zinamsaidia kuona damu inatembea au imesimama. Nilisimama na yule dada chumbani, kile kiduara cha kinena mtaalamu alikandamiza mara tatu na hakikufumba hata robo, wala hakusema kitu, akageuza tu skrini akanionesha.

Na hapa tena suala la muda. Kama altrasaundi imeangalia paja na goti tu na haikuona kitu, lakini dalili ni kubwa, inarudiwa baada ya wiki moja, maana donge dogo la chini linaweza kupanda ndani ya hizo siku. Uliza, "nirudi lini?" Usiposikia tarehe uliza tena.

Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ndio watu wetu wengi wanapoanzia, na wenye hali nzito zaidi wanaenda Muhimbili. Chukua makaratasi yote, usiache cheti cha operesheni nyumbani.

Ikionekana donge lipo, kwa kawaida utaanza na sindano ya kuzuia damu isigande, heparini au enoksaparini, na pamoja nayo vidonge vya warfarini. Siku hizi kuna wanaopewa vidonge vipya kama rivaroksabani, hivyo havifuatiliwi kwa kipimo cha damu kinachoitwa INR kwa hiyo sehemu inayofuata sio yao, ila wenye valvu ya chuma kwenye moyo wasidanganyike kubadilisha, wao ni warfarini.

INR ni namba inayosema damu yako inachukua muda gani kuganda ukilinganisha na ya mtu wa kawaida. Asiyetumia dawa yuko kwenye 1 hivi. Mwenye donge la mguu anatakiwa akae kati ya 2 na 3. Wenye valvu ya chuma ya mitro, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi wanawekwa 2.5 mpaka 3.5, wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete wanazijua namba zao kwa kichwa kama namba ya simu. Chini ya hapo donge linarudi, juu sana unavuja damu.

Sasa sikiliza, watu wanapotea hapa sana. Warfarini haiyeyushi donge na wala haifanyi kazi siku ileile. Inazuia ini lisitengeneze vile vitu vya kugandisha damu vinavyohitaji vitamini K, ila vile vilivyokwishatengenezwa bado vinazunguka. Kimoja kinaitwa namba 7, kinaisha haraka, nusu yake imeondoka ndani ya saa 6 hivi, na INR inapanda kwa sababu yake. Lakini kile kikubwa, namba 2, kinachukua siku mbili tatu kupungua nusu. Kwa hiyo siku ya tatu unaweza kuona INR 2.1 ukashangilia kumbe kinga yenyewe bado. Ndio maana sindano zinaendelea si chini ya siku 5, na mpaka INR ikae 2 au zaidi kwa angalau saa 24. Nimeona mtu kakatisha sindano siku ya tatu kwa sababu "namba imefika" na sindano ni ghali, naelewa ni ghali kweli, lakini hapo ndio pa kukopa.

Yule dada alipoanza vidonge bibi akasikia kwa mtu kwamba warfarini ni sumu ya panya. Akaja kwangu usiku kavaa kanga mbili, kakasirika haswa. "Mjukuu wangu ananyonyesha, nyie mnampa dawa ya panya?" Sikumwambia ni uongo kwa sababu sio uongo. Nilimkalisha nikamweleza, na naeleza na hapa maana hofu hii inaachisha watu dawa.

Miaka ya 1920 kule Kanada na kaskazini ya Marekani ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu, ukimkata pembe tu anavuja mpaka anakufa. Ikaja kujulikana wanakula majani ya malisho yaliyooza ghalani. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji na ndoo ya damu ya ng'ombe isiyoganda mpaka chuo kikuu, akaishia kwenye maabara ya Karl Paul Link. Ilichukua miaka kupata kitu chenyewe kilichomo kwenye yale majani, na kutoka hapo wakatengeneza warfarini, jina limetokana na herufi za taasisi ya chuo hicho iliyotoa hela. Mwaka 1948 ikaingia sokoni kuua panya. Mwaka 1951 askari mmoja wa jeshi la Marekani aliinywa ile ya panya kwa makusudi, akapewa vitamini K akapona, ndio madaktari wakaona kumbe ina dawa ya kuizima, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mwaka uliofuata rais wao, Eisenhower, alipopata shambulio la moyo alipewa hiyohiyo. Na kunyonyesha haina shida, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Mjamzito ndio hapana, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaharibu mtoto, mjamzito anabaki kwenye sindano. Bibi alisikiliza yote, akauliza tu hiyo vitamini K inapatikana wapi akihitaji, nikamwambia hospitali, akaenda kulala.

Kuhusu damu yenyewe ikitolewa. Hii ni ya kazini kwangu kwa hiyo nivumilie. INR inatolewa kwenye tyubu ya kifuniko cha bluu, ndani ina maji kidogo ya sitrati yanayozuia damu isigande, na hesabu yake ni damu sehemu 9 kwa sitrati sehemu 1. Kwenye tyubu kuna mstari. Damu lazima ifike kwenye mstari. Ikiwa nusu, sitrati inazidi, INR inatoka juu kwa uongo. Kuna mama aliwahi kuja kwetu analia, kituo kimoja kimempa 5.8, kaambiwa aache dawa, tukarudia na tyubu iliyojaa ikatoka 2.4. Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti angalia tyubu yako, uone imefika mstari na imegeuzwa taratibu mara tatu nne, sio kutikiswa kama soda. Ukiona haijafika mwambie mhudumu kwa heshima, "naomba unisaidie kutoa nyingine," una haki hiyo, na mtaalamu mzuri hatakasirika. Na jitahidi kupima maabara moja siku zote.

Nunua daftari dogo. Tarehe, INR, miligramu unazokunywa, basi. Andika miligramu sio "kidonge kimoja", kwa sababu vidonge viko vya nguvu tofauti na duka la dawa linaweza kukubadilishia bila kukuambia. Kunywa saa ileile, jioni inafaa maana majibu ya INR ya asubuhi yakija unaweza kubadilishiwa dozi siku hiyohiyo.

Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya maboga, vyote vina vitamini K nyingi na vinapunguza nguvu ya dawa. Usiache mboga, wengi wanaambiwa waache kabisa na ni vibaya, wewe kula kiasi kilekile kila wiki, dozi itapangwa kufuata ulaji wako. Shida ni yule anayekaa wiki mbili bila mboga alafu anaenda msibani anakula kisamvu siku tatu mfululizo.

Kinachonitisha kuliko mboga ni Flagyl. Hapa mjini tumbo likiuma kidogo tu mtu anapita duka la dawa anachukua Flagyl kama pipi. Flagyl na Septrin zinapandisha INR vibaya, tena kwa siku chache tu, na flukonazoli ya fangasi hivohivo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaongeza kuvuja hata namba ikiwa nzuri. Rifampisini ya TB inafanya kinyume, inaishusha mpaka unaona kama hunywi dawa. Kwa hiyo neno la kwanza dirishani duka la dawa liwe "natumia warfarini", na ukiandikiwa antibayotiki pima INR ndani ya siku 3 mpaka 5, usingoje tarehe yako ya mwezi. Dawa za mizizi zisizojulikana ziache kabisa. Kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zinazotoka damu, michubuko hujui umejigonga wapi, hedhi isiyokata, kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, au umeanguka ukagonga kichwa hata kama unajisikia mzima: hospitali, na daftari mkononi.

Haya, mtoto na sumu ya panya.

Wote tunawajua wale kaka wanaopita mitaani na kipaza sauti kinachojirudia, sumu ya panya, mende, kunguni. Vipakiti vinaishia nyuma ya kabati, chini ya kitanda, na mtoto wa miaka miwili anafika kote huko. Sumu za panya haziko aina moja, na hii ndio uishike.

Kuna za damu, ndugu wa warfarini ila kali zaidi, kama brodifakumu, mara nyingi ni vipande vya nta au nafaka zilizopakwa rangi. Hizi hazioneshi kitu siku ya kwanza. Mtoto anacheza, INR ukipima leo inatoka 1, kwa sababu ileile niliyosema juu, vile vitu vya kugandisha damu vya zamani bado vinazunguka. Kipimo chenye maana kinafanyika saa 48 baada ya kula. Ikiwa ya kawaida saa hiyo, shukuru Mungu, na kwa watoto wengi waliolamba kidogo huwa ndio hivo. Ikiwa juu anaanza vitamini K, na sio ya siku mbili: warfarini inaisha mwilini baada ya siku kadhaa lakini hii inang'ang'ania kwenye ini wiki mpaka miezi, ukiacha dawa mapema damu inaanza kuvuja upya. Mwaka 2018 kule Illinois, Marekani, watu zaidi ya 150 waliumwa baada ya kuvuta bangi za kutengenezwa zilizochanganywa na brodifakumu, wanakuja wanatoka damu puani na kwenye mkojo, na INR ndio iliyowashika.

Aina ya pili, zinki fosfaidi, unga wa kijivu kuelekea weusi, unanuka kama kitunguu saumu. Hii ikifika tumboni inatoa gesi, mtoto anatapika, anaregea, presha inashuka. INR haitakuambia kitu hapa. Haina dawa ya kuizima, ni kumsaidia mwili mpaka ipite, kwa hiyo kila dakika ina thamani. Na matapishi yake yasipumuliwe chumba kimefungwa, fungua madirisha.

Ya tatu ni zile za kupimiwa kwenye karatasi bila lebo, baadhi ni sumu za wadudu wa shamba. Mtoto udende unamtoka, jasho, machozi, anaharisha, misuli inachezacheza, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kwa huyu hakuna kungoja majibu ya maabara, daktari anaanza atropini kwa kumuangalia tu, na kipimo cha kolinesterasi kinakuja baadaye kuthibitisha kama kipo.

Kwa kuwa hujui ni ipi, usikae nyumbani kuhesabu saa 48. Nenda saa hiyohiyo. Usimpe maziwa, najua kila mtu atakuambia maziwa, wala mafuta, wala usimtapishe kwa kidole, inaweza kuingia kwenye mapafu. Toa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa, mnawishe mikono, mvue nguo kama imemwagikia. Chukua kipakiti chenyewe, hata kama ni kipande cha karatasi, funga kwenye mfuko wa plastiki. Kama kimetupwa piga picha unga uliobaki sakafuni na uzoe kidogo. Angalia saa na uandike alikula saa ngapi. Sampuli za sumu zikihitaji kuchunguzwa zinapelekwa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na bila kipakiti kazi yao inakuwa ndefu mno.

Na mkiruhusiwa jioni kwa sababu mtoto hana dalili, usiondoke dirishani bila kuandikiwa tarehe na saa ya kurudi kwa INR. Kala Jumatatu saa nne asubuhi, damu inatolewa Jumatano saa nne asubuhi, na tyubu ijae mpaka kwenye mstari.